Habari ya Jogoo Isikieni Kwangu Mwenyewe

Kabla hamjaendelea kucheka, mjue yule rafiki yangu wa steji ya tuktuk aliyewasambazia habari hakuwepo kanisani. Alikuwa Watamu na abiria. Hayo ya "jamaa kanaswa madhabahuni na kuku wa wizi" ametia chumvi yote ya Gongoni.

Tangu mchungaji atufundishe 1 Wathesalonike 5:18, "Shukuruni kwa kila jambo", mimi neno hilo nimelishika kikweli. Stima zikipotea, asante Bwana. Pancha darajani Sabaki, jua la utosi, abiria wananisonya: asante Bwana, yangeweza kuwa magurudumu yote matatu. Juzi wali umeungua, nikaanza "Asante Bw...", mke wangu akanitazama. Nikamalizia moyoni.

Basi Ijumaa jogoo akaingia uani. Mwekundu, mkubwa, mwendo wa diwani siku ya kampeni. Akala na kuku wangu, usiku akapanda kulala juu ya mwarobaini wangu. Na Jumapili ni ya mavuno, nami nilikuwa naomba nipate cha kupeleka, maana mwenye tuktuk huvuna nini, risiti za petroli? Mke akasema, "Baba, ulizia majirani kwanza." Nikaulizia. (Sawa, nilimuuliza mmoja. Hafugi kuku.)

Ibada za mavuno za kwetu Malindi mnazijua: mihogo, madafu, mahindi mpaka mlangoni, halafu mnada. Mzee wa kanisa akanipa maiki nitoe ushuhuda. Ningesema "Bwana asifiwe" nikaketi, leo msingekuwa mnasoma haya.

Nikaanzia Luka 17. Wakoma 10 walitakaswa, aliyerudi kushukuru ni mmoja, tena Msamaria. "Wapendwa, huyo mmoja ndiye mimi!" Amina zikamiminika, na amina, jamani, zinalevya. Nikamwinua jogoo juu. "Mungu kamleta mwenyewe, hata nauli sikumlipia!" Amina! "Tena oneni, kamtia na alama!"

Nikageuza mguu, kanisa zima lione. Palikuwa na kipande cha kitenge kimefungwa fundo, samawati, maua ya manjano. Nikawaeleza kwamba samawati hiyo ni ya mbinguni.

Kimya.

Nikadhani maiki imezima. Nikaigonga: tu, tu. Nzima kabisa. Hapo ndipo nikagundua watoto wa benchi la mbele hawanitazami mimi, wanatazama nyuma yangu. Mmoja kaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikageuka polepole, na jogoo mkononi akageuka nami.

Nyuma yangu ilikuwa imesimama kwaya ya akina mama. Safu mbili. Sare mpya, ndiyo siku yake ya kwanza kuvaliwa. Samawati. Maua ya manjano. Gauni mpaka kilemba. Wale mnaofuga mnajua mabaki ya kitambaa kwa fundi hayatupwi, ndiyo ya kufungia kuku alama wasichanganyike na wa jirani. Mimi nafuga. Mimi pia najua.

Mama mmoja wa sauti ya kwanza akashuka, bila haraka hata kidogo. Akavaa miwani. Akainama, akalikagua fundo upande huu, akalikagua upande ule. Kisha akausogeza mdomo kwenye maiki, ambayo mimi bado nimeikumbatia kifuani, akasema kwa upole ulionimaliza:

"Mwanangu, wewe umemshukuru Mungu kwa kuku wangu. Mimi nimshukuru kwa lipi?"

Jogoo akawika. Haki ya Mungu, aliwika kwenye maiki! Na kijana mmoja wa viti vya nyuma, ambaye simsamehi mpaka kiyama, akapaza sauti: "Petro, bado mara moja!"

Yaliyofuata ni mafupi. Mchungaji akasoma Kumbukumbu la Torati 22, kwamba mnyama wa nduguyo akipotea umtunze kwako mpaka mwenyewe amtafute, umrudishie. Nikasema ndicho nilichokuwa nikifanya. Kanisa likavunjika mbavu. Mama akasema kilichokwisha tolewa kwa Mungu hakitoki bure, kipigwe mnada, na mzee akaupiga huku ananitazama mimi peke yangu. Nimemnunua kwa 3,000, pesa ya petroli, nikamkabidhi mwenyewe. Asante Bwana nilisema, ila meno yalikuwa yamefungana.

Na leo alfajiri nimeamka nikamkuta uani, anadonoa pumba, kitenge mguuni. Nimempigia mama simu kabla sijanawa uso. Anasema yuko Mambrui kwenye matanga, nikae naye mpaka Jumapili. Kwa hiyo natafuta shahidi wa kuja kulala hapa kwangu. Awe mtu wa kwaya. Chakula kipo, kuku hakuna.