Priza Kumi na Saba

Leo asubuhi nimekuta mtu anatoboa ukuta wangu kwa tindo. Ukuta uleule nilioupiga lipu juma lililopita, nikaupapasa kwa kiganja kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari, nikaupiga picha tatu na kumtumia kaka yangu aliye Likasi. Sasa una mfereji unaoshuka kutoka darini hadi usawa wa goti langu, na chini yake kuna kilima cha lipu ambayo saruji yake ilivuka mpaka wa Kasumbalesa nikiihesabu mfuko kwa mfuko.

"Fundi," nikamwuliza kwa sauti ya mwenye nyumba, "hiyo ni nini?"

"Njo njia ya moto, shefu."

Moto huu wa nyaya, mnaelewa. Ule mwingine wa makala hauhitaji njia, unajua wenyewe kwenda kwa mbabula, jiko la makala, kila jioni bila kuchelewa.

Kosa ni langu, nakubali, ila nakubali mbele yenu tu, si mbele yake. Kila aliyejenga aliniambia: tiyo, mabomba ya kupitishia nyaya, kwanza, lipu baadaye. Lakini saruji ilikuwa imefika, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Kasapa, hapa Lubumbashi, yakitutazama, na mwashi alikuwa na siku tatu tu kabla ya kwenda matangani. Mtu anayejenga kwa mshahara hafuati mpango wa kazi, anafuata mpango wa pesa, na pesa ya lipu ilikuja kabla ya pesa ya nyaya. Kuna mwaka pesa ya mabati ilikuja kabla ya pesa ya ukuta wa nyuma. Mabati yakalala chini ya kitanda chetu kwenye aneksi, kijumba tunamokaa tukijenga, miezi minane. Mke wangu akijigeuza usiku, ngurumo. Watoto wakawa wanaamka kuanua nguo.

Tuko mwaka wa saba. Wa vigae amekuja, amepima, amechukua nusu ya pesa, na simu yake sasa inapokelewa na mtoto anayesema baba amelala, saa nne asubuhi. Wa milango ameifunga milango ikifungukia upande wa swichi, kwa hiyo kuwasha taa itabidi uingie, ufunge mlango, upapase gizani nyuma yake kama mwizi wa nyumba yako mwenyewe. Wa rangi bado sijamwita. Naogopa atakuja.

Lakini huyu wa moto, jamani.

Alipokuja mara ya kwanza hakuwa na hata koleo. Alikuwa na kalamu ya risasi sikioni na daftari la shule lenye picha ya mchezaji wa mpira. Akasema, "Shefu, tutembee nyumba." Nikafurahi. Katika maisha yangu yote ni mara chache mtu kunialika nitembee nyumba yangu. Nikavaa shati la Jumapili.

Sebuleni akasimama katikati, akazunguka taratibu kama kanisa linavyotazamwa na mtalii. "Televizyo itakaa wapi?"

Nikamwambia televisheni iko kwenye aneksi, imefunikwa kitambaa, juu yake kuna picha ya ndoa na maua ya plastiki.

"Apana shefu. Huku. Itakaa wapi?"

Sikuwa na jibu, ila mwenye nyumba hakosi jibu. Nikanyosha kidole. Akachora duara: hapo priza, tundu la kuchomekea umeme. Akauliza na wageni watakaa wapi, na mimi mwenyewe nitakaa wapi, na simu yangu itachajiwa nikiwa nimekaa au itabidi niinuke. Kila jibu, duara. Nikaanza kuona maisha yangu ya baadaye yote yamepangwa kwa kalamu ya risasi, sentimita thelathini kutoka sakafuni.

Tukaingia chumba cha kulala. Chumba hicho hakina dirisha bado, kina tundu la dirisha, na siku hiyo kulikuwa na kuku wa jirani aliyetutazama kana kwamba sisi ndio tumeingia bila hodi.

"Kitanda?"

Nikaonyesha.

"Kichwa itaangalia wapi?"

Nikaonyesha.

"Na mama, analalaka upande gani?"

Ndugu zangu, swali hili hata baba mkwe hakuniuliza. Nikajivuta juu kidogo, nikakohoa. Kisha nikagundua kitu cha aibu zaidi: sijui. Miaka kumi na tisa ya ndoa, naulizwa mke wangu analala upande gani, na siwezi kujibu nikiwa nimesimama. Najua nikiwa nimelala. Mwili unajua, kichwa hakijui.

Kwa hiyo nikalala. Chini, kwenye simenti, na shati la Jumapili. Nikanyosha miguu, nikafumba macho kidogo ili kumbukumbu ije. Fundi akasimama miguuni pangu na daftari kifuani kama padri anayesubiri neno la mwisho.

"Mimi niko hapa," nikasema. "Yeye yuko… huku."

"Huku kwa mlango ao huku kwa dirisha?"

"Ngoja." Nikajigeuza ubavu. "Huku kwa ukuta."

"Ukuta iko ine, shefu."

Ndipo mke wangu akaingia na sufuria ya chakula cha mafundi. Akamkuta mumewe amelala chini, macho yamefumbwa, kuku dirishani, na mwanamume asiyemfahamu amesimama juu yake anaandika. Sufuria haikuanguka, kwa sababu mke wangu haangushi chakula kwa jambo lolote lile, lakini alipiga kelele iliyowaleta mwashi, watoto wawili na mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la sombe, majani ya muhogo. Wote wakanikuta bado niko chini. Nikajaribu kuinuka kwa heshima. Mtu hawezi kuinuka kutoka kwenye simenti kwa heshima akiwa na umri wangu. Unaanza na magoti.

"Tunapima umeme," nikawaambia.

Mama wa sombe akasema pole.

Mke wangu alipoelezwa, hakucheka. Alimjibu fundi moja kwa moja, mimi nikiwa bado najipangusa vumbi. "Nalala kushoto kwa sababu kule aneksi kulia kuna mabati. Huku nitalala ninapotaka. Weka pande zote mbili."

Fundi akamtazama kama mtu aliyekuwa akimsubiri bosi wa kweli afike. Akamweleza kuna swichi mbili za taa moja: unawasha pale mlangoni, ukishalala unazimia kitandani, huhitaji kuinuka. Mimi nikasema kwamba katika mtaa huu kazi ya kuzima taa nikiwa kitandani inafanywa na wenye umeme wenyewe, bure, na hawajawahi kunisahau hata usiku mmoja. Hakuna aliyenisikia. Walikuwa wameshaelekea jikoni.

Jikoni nilikaa kimya. Mke wangu alihesabu kwa vidole, vikaisha, akarudia vidole. Frigo. Konjelateri ya kugandisha. Birika. Mashine ya kusaga nyanya. Mashine ya kusaga kitu kingine ambacho sikukijua. Feni. Redio, maana haiwezekani kupika bila redio. Pasi.

"Pasi yetu ni ya makala," nikasema.

"Nyumba haijengwi kwa vitu vya jana," akanijibu, na fundi akaandika hata hiyo, nimeona.

Zikafika priza kumi na saba. Kumi na saba, jikoni, katika mtaa ambao moto ukija Jumanne watu wanapiga vigelegele kama timu imefunga bao, na ukija unakuja mnyonge, balbu ina rangi ya papai, unaweza kuitazama kama mwezi. Kisha fundi, kwa upole wa mtu anayeleta habari ya msiba, akasema kwamba nyumba za siku hizi zinafungwa njia tatu: moja ya moto wa mji, moja ya grupu, yaani jenereta, moja ya paneli za jua. Ili usichanganye, kila kimoja na priza yake.

Nikapiga hesabu. Hamsini na moja. Nikauangalia ukuta wa jikoni. Ukitoa dirisha na mlango, hakuna ukuta, kuna matundu yaliyoshikana mikono.

Tukakubaliana kumi na moja, njia mbili, grupu isubiri. Nimeandika "tukakubaliana" kwa kuheshimu ndoa.

Baada ya hapo ilikuwa nyaya. Hizo ndizo zimeniamsha usiku, si ukuta. Fundi alisema unene wa 2.5 kwa priza, 1.5 kwa taa, na ziwe shaba tupu. Nikaenda mjini, nikamkuta muuzaji, nikamwuliza: hii ni shaba? Akaapa. Nikanunua rulo nne, nikapanda basi nazo mapajani kama mapacha, nikashangaa kidogo mbona si nzito, nikadhani ni furaha. Fundi akazipokea, akaipima rulo moja kwa mkono, akatoa kisu, akakwangua ncha ya waya. Juu nyekundu, ndani nyeupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Imevaa shaba kama mtu aliyeazima suti ya harusi.

"Hii itawaka kwenye maungio, shefu," akasema. "Na hii moto yetu ya kupanda na kushuka, itawaka mbio."

Sasa nisikilizeni. Ningenunua waya feki Paris, sawa. Ningedanganywa Dakar, basi. Lakini mimi sikuzaliwa Katanga, nilizaliwa Shaba, kwa sababu kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo hili lote liliitwa hivyo, jina la waya wenyewe! Babu zetu waliyeyusha shaba wakaimimina iwe misalaba, na kwa misalaba hiyo wakalipa mahari. Hapa mtu aliweza kuoa kwa shaba. Usiku nikiwa nimelala upande wangu, upande wowote ule, nasikia malori yakielekea Kasumbalesa yamebeba mabamba ya shaba, moja baada ya moja. Yanakwenda hadi baharini, yanavuka, huko yanafanywa nini sijui, na kwa barabara ileile inarudi rulo iliyopakwa rangi ya kitu tulichokipeleka. Nami nailipia ushuru, nalipia usafiri, naipakata kwenye basi! Niliketi juu ya tofali, nikakaa muda mrefu. Hata fundi akazima redio yake.

Muuzaji nilipomrudia alisema waya ikishakwanguliwa hairudishwi.

Na hiyo ya shaba ya kweli ukiipata, usilale. Jirani alifunga nyaya zake zote Ijumaa, Jumatatu akakuta mifereji ukutani ni mitupu, wamezivuta kama tumbo la samaki, zimekwenda kwenye mzani wa mitraye, vyuma chakavu. Kwa hiyo lazima uweke mlinzi wa nyaya. Mlinzi anahitaji taa.

Sijagusa habari ya transfo ya mtaa, ile transfoma inayotugawia umeme. Iliungua tena, tunachanga tena, kila lupango, yaani kila kiwanja, na fungu lake, na mtunza orodha anapita jioni wakati anajua unakula. Mimi nachangia. Nachangia transfo ya umeme ambao haujaingia kwenye nyumba ambayo haijaisha. Umeme wenyewe kuna wa mbali na kuna wa karibu. Wa mbali unatoka bwawa la Inga, karibu kilomita 1,700 za waya hadi Kolwezi, laini iliyowashwa tangu 1982, inapita juu ya vijiji ambavyo havijaonja hata balbu moja. Huo ukifika kwangu umechoka, nauelewa, hata mimi nikitoka Kinshasa kwa barabara nisingekuwa na nguvu. Lakini wa karibu! Mwadingusha, kituo cha umeme wa maji, ipo tangu 1930, si mbali na hapa, na ziwa la bwawa lake ndilo Tshangalele, ambalo samaki wake wanafika sokoni kila asubuhi, wengine bado wanachezesha mkia. Maji ni yaleyale. Samaki hana nguzo, hana transfo, hana mtu wa kumchangia, anapanda baiskeli na pikipiki, anafika. Moto una waya wake mwenyewe na hautokei.

Mke wangu amenunua samaki wa jana, wakubwa, na amewakausha juu ya mabati yaliyobaki. Ndipo shemeji akatokea. Mdogo wa mke wangu ana pua ya samaki hata akiwa Ruashi. Alikula vizuri, akanawa, akaomba kuiona nyumba. Nikamtembeza mwenyewe, na fahari yote. Akaukuta mfereji wa ukutani, akausifu. Akaingia kile chumba kidogo cha nyuma, ambacho mimi nimekipanga kiwe stoo ya makala na mahindi. Akasimama katikati. Akazunguka taratibu.

"Yaya," akaniita, "kitanda changu kikikaa hapa, priza yangu itakuwa upande gani?"

Nilirudi moja kwa moja kwa fundi, alikuwa bado na tindo. Nikamwambia: chumba cha nyuma, priza moja, weka juu, karibu na dari, nyuma ya mlango, na ifunge kwa ile waya nyeupe. Akauliza kwa nini. Nikamwambia aandike tu.