Kupandisha slaidi sio kusomesha

Nimesoma hii habari ya walimu wa vyuo vyetu Zanzibar kuhimizwa wasomeshe kwa mtandao, naunga mkono kabisa, lakini jamani kupandisha slaidi kwenye Moodle (mfumo wa mtandaoni wa kuekea masomo) tu sio kusomesha, mwanafunzi anadaunlodi anakariri siku mbili kabla ya mtihani basi kwisha. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa chuo cha Harvard Marekani, tangu 1991 anauliza suali katikati ya somo, kila mtu anajibu peke yake, halafu anabishana na jirani yake, ndo wanajibu tena. Hapo kichwa kinafanya kazi! Mimi nasomesha hesabu chuoni huku Pemba, nikajaribu hivohivo kwa Kahoot, ile programu ya kujibu masuali kwa simu, na wale wasichana wa nyuma ambao muhula mzima sijasikia sauti zao wakawa ndo wa mwanzo kujibu, kwa vile unaeka jina la kubuni hakuna anaekujua ukikosea. Wallahi nilifurahi mno. Bando ndo tatizo, nikawapa simu moja watu watatu, na kumbe ndo wakajadiliana zaidi. Wenye uwezo tuekeeni waifai madarasani, sio maabara ya kompyuta peke yake inayofungwa saa tisa.