Askofu Wishart na viapo vyake sita

Ukimtaja Robert Wishart, askofu wa Glasgow aliyefariki 1316, mtu aliyesoma kidogo historia ya Uskoti atakwambia huyo kigeugeu tu, leo anaapa kumtii Edward I, mfalme wa Uingereza aliyetaka kuitawala Uskoti, kesho yuko na waasi wa Uskoti. Na sio uongo. Waingereza walipomshtaki walimhesabia viapo sita, na kiapo enzi zile sio maneno ya jukwaani, unaapa mbele za Mungu.

Halafu kuna stori ya mbao. Edward alimpa mbao za kukarabati mnara wa kengele wa kanisa lake, mzee akapokea, akaenda kuzitengenezea mitambo ya kubomolea ngome ya Kirkintilloch iliyokuwa na askari wa Edward huyohuyo! Kila nikiikumbuka nacheka. Ila mbona watu wanaisimulia kama wizi tu? Toka 1192 Papa alishasema kanisa la Uskoti liko chini ya Roma moja kwa moja, sio chini ya askofu mkuu wa York wa Uingereza aliyekuwa analidai miaka na miaka, sasa nchi ikimezwa na Uingereza hiyo haki nayo inabaki na nani wa kuitetea? Kwahiyo kwa Wishart vita ya taji na vita ya kanisa ilikuwa kitu kimoja, mnara ungesubiri.

Na hivyo viapo, baadhi alivila jeshi la Edward likiwa limeshaishika nchi, ungefanyaje wewe? Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mwishoni mwa 1305 Edward mwenyewe alipata barua ya Papa Clement V ya kumfungua ahadi alizowaapia raia wake kuhusu hati za haki zao, eti alilazimishwa. Yani mfalme akilazimishwa kiapo kinafutika, askofu akilazimishwa ni msaliti. Hapo huwa hawasemi kitu.

Pale ninaposhindwa kumtetea ni Februari 1306. Robert Bruce, aliyekuwa anautaka ufalme wa Uskoti, na wenzake wanamuua mpinzani wake John Comyn ndani ya kanisa la watawa huko Dumfries, tena ndani ya dayosisi ya Wishart mwenyewe, na badala ya kumtenga Bruce na kanisa, askofu anamwondolea dhambi fasta, anatoa na mavazi ya kifalme, mwezi uliofuata Bruce anatawazwa mfalme huko Scone, walikotawaziwa wafalme wa Uskoti. Damu kanisani kwako mwenyewe halafu unaipitisha hivyo? Siasa iliingia, tusidanganyane.

Ila hakukimbia gharama. Mwaka huohuo alikamatwa ngome ya Cupar akapelekwa Uingereza amefungwa minyororo, kilichomwokoa na kitanzi ni uaskofu tu. Alirudi baada ya vita ya Bannockburn, 1314, Waskoti walipowashinda Waingereza, kwenye kubadilishana mateka pamoja na mke na binti wa Bruce, Waingereza wakarudishiwa mkubwa wao, Earl wa Hereford. Mzee alikuwa ameshapofuka, hiyo nchi aliyoivunjia viapo alirudi asiione.