Printa Haikatai, Ila Haipo

Hivi ni nani aliyeipa printa ya ofisini kibali cha kusema haipo? Imesimama pale koridoni, taa ya kijani inawaka, feni inanguruma, ukiigusa ubavuni unasikia joto lake. Unarudi mezani, unabonyeza kuchapa, na kompyuta inakujibu bila haya: printa iko oflaini. Oflaini vipi, jamani, wakati tunatazamana?

Ukimwita kijana wa TEHAMA, anakuja taratibu, anaangalia skrini, anashusha pumzi. "Mzee, printa haina tatizo. Kompyuta yako ndiyo inadhani haipo."

Inadhani! Basi sikilizeni inavyodhani, maana nilimganda kijana wa watu mpaka akanieleza. Windows haiendi kuchungulia kama mashine ipo. Inaipelekea salamu kwa kitu kinaitwa SNMP, kupitia mlango namba 161: hujambo, karatasi zipo, tona ipo? Printa isipoitikia, labda kwa sababu neno la siri la kusalimiana halilingani, labda mtandao umeizuia salamu njiani, inaandikwa oflaini. Lakini kazi yenyewe ya kuchapa haipiti huko! Inapita mlango mwingine kabisa, aghalabu 9100, na huo siku hiyo ulikuwa wazi. Kijana akaingia kwenye mipangilio, akaondoa tiki kwenye kiboksi kimoja kilichoandikwa SNMP, na karatasi zikaanza kutoka zikifukuzana. Yaani asubuhi nzima mtu mzima nimekalia kiti nasubiri ripoti, kisa na mkasa ni salamu isiyoitikiwa.

Na hiyo ni siku ambayo anwani iko sawa. Kila kitu kwenye mtandao kina anwani ya IP, na anwani hizo, chini ya utaratibu wa DHCP, mtu hapewi akae nazo. Anakopeshwa kwa muda. Printa ikizimwa wikiendi, mkopo ukaisha, Jumatatu inaweza kuamka na anwani mpya. Kompyuta yangu haina habari. Inaendelea kupeleka ripoti za kikazi kwa 192.168.1.50, ambako sasa imehamia simu ya mtu wa masoko.

"Printa imehama, mzee."

"Imehamia wapi, na kuipandisha huku juu walihitajika wanaume wanne?"

Dawa, nasikia, ni kuitengea anwani yake ya kudumu kwenye ruta. Sasa kama dawa inajulikana, mbona mgonjwa anazidiwa kila Jumatatu? Hilo hajibu. Na ukikuta imejiandika anwani inayoanza na 169.254, usipoteze nguvu zako: imetafuta wa kuipa anwani, imemkosa, ikajipa yenyewe. Ina anwani, haina jirani.

Ila inayonimaliza ni spula. Hii ni programu inayopokea kazi zenu, inaziweka kwenye diski na kuzipanga foleni, ili kompyuta isikwame kungoja printa. Wazo zuri sana kwa watu wenye subira, na kwetu hao hawakuajiriwa. Kazi ya mbele ikikwama, aliye nyuma anabonyeza tena. Na tena. Mhasibu, ambaye hana dogo, anatuma kwa kompyuta mbili. Ukijaribu kuifuta ile iliyokwama, inaandika "Inafuta", na itaendelea kufuta mpaka ustaafu. Inabidi spula izimwe, mafaili yake yafagiliwe, iwashwe upya. La sivyo, ikizibuka yenyewe, inatapika kila kitu kilichoombwa tangu asubuhi, na bosi lazima apite saa ileile akiuliza nani kachapa fomu ya likizo bunda zima, anakwenda likizo na ukoo?

Bosi mwenyewe hakusalimika. Aliletewa kompyuta mpya, ikawekwa draiva isiyo yake. Draiva kazi yake ni kugeuza ukurasa wako uwe katika lugha ambayo printa inaielewa, na lugha zenyewe si moja: kuna PCL, kuna PostScript ya Adobe ya tangu miaka ya 1980. Ukiipelekea PostScript printa isiyoijua, haisemi samahani sijaelewa. Inachapa ulichosema, herufi kwa herufi. Bosi aliomba barua ya ukurasa mmoja. Akaletewa rundo, juu kabisa pameandikwa %!PS-Adobe-3.0, chini yake mabano, namba na mikwaju, kurasa kwa kurasa. Akaishika ile ya kwanza kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na miwani.

"Nani ananitukana?"

Karatasi kukwama huo ni mkasa mwingine. Skrini ndogo inakwambia fungua mlango B. Unafungua, unasukuma kile kishikio cha kijani, unavuta karatasi iliyojikunja, inatoka, unafunga kwa mbwembwe. Karatasi imekwama. Unarudi na tochi ya simu, unainama mpaka shavu linagusa trei, na ndani kabisa, chini ya rola, unaona kiulimi cheusi cha plastiki kimelala badala ya kusimama. Ndiyo sensa yenyewe. Kimekandamizwa na kona ya karatasi iliyochanika, haizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kwa kipande kile, idara nzima imesimama. Ukikitoa, angalia usiguse pale tona inapounguziwa, maana tona si wino, ni unga wa plastiki unaoyeyushwa juu ya karatasi kwa joto la nyuzi 200 hivi. Dada wa mapokezi alijifunza hilo kwa sauti kubwa.

Msidhani hasira hizi ni za kwangu peke yangu. Kule chuo cha MIT, Marekani, karibu na mwaka 1980, mtunga programu Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu ya printa ya leza ya maabara yao iwe inawajulisha watu karatasi zikikwama, akanyimwa msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu imetungwa kwayo. Kisirani hicho alikibeba, na mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzifungua na kuzirekebisha. Mwenzetu kakwamishiwa karatasi, kaanzisha vuguvugu la programu huru duniani. Mimi nikikwamishiwa, naanzisha safari ya ghorofa ya chini kuomba ya jirani.

Kuna na ule ujumbe wa printa za zamani, PC LOAD LETTER. Watu wameitafuta hiyo barua mpaka wamechoka. Kumbe PC ni kaseti ya karatasi, LOAD ni jaza, na Letter ni saizi ya karatasi ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279, wakati trei yetu imejaa A4, 210 kwa 297. Mtu mmoja akiacha faili lake kwenye Letter, printa inagoma na foleni yote nyuma yake. Tofauti ya milimita 18 za urefu!

Halafu hii mashine inayodai haipo, inatuandika. Kwenye printa nyingi za leza za rangi, karatasi hutoka na vidoti vidogo vya njano ambavyo kwa macho tu huvioni. Mwaka 2005 EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za watu kwenye mambo ya kidijitali, lilitangaza kuwa limezifumbua alama za printa mojawapo: tarehe, saa na namba ya mashine. Nikiihitaji, oflaini. Ikiwa ni kunishitaki, inajua mpaka dakika.

Sasa wametuletea utaratibu mpya. Ukishatuma, kazi haitoki mpaka uende mwenyewe ukaguse kadi kwenye mashine. Eti ni usiri. Jana nimegusa kadi, imeniandikia: huna kazi. Mimi! Na tai shingoni!

"Hapo ni seva, mzee," kijana akasema.

"Na seva ikiwa nzima?"

"Basi ni kadi."

"Na kadi ikiwa nzima?"

Akaitazama printa, akanitazama mimi. "Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Kipi, kadi?"