Mlango uko wazi, mbona hakuna anayeingia?

Karibu kila meneja amewahi kuwaambia watu wake, "Mlango wangu uko wazi muda wote." Husema hivyo siku ya kuwakaribisha wafanyakazi wapya, hurudia kwenye kikao cha mwisho wa mwaka, na mara nyingi husema kwa moyo mweupe kabisa. Halafu tatizo ambalo watu wa chini walilijua tangu miezi mitatu iliyopita linamlipukia mezani, naye anauliza kwa mshangao: kwa nini hamkuniambia?

Swali hilo limezaa kambi mbili. Ya kwanza inasema watu kazini hawazungumzi vya kutosha, kwa hiyo tuongeze vikao, makundi ya ujumbe, sanduku la maoni na dodoso za kila robo mwaka. Ya pili inasema watu wamechoshwa na mazungumzo yasiyokwisha, hivyo waachwe wafanye kazi, na saa za kazi zikiisha waachwe waende zao. Kila kambi ina hoja. Ila naona zote mbili hupita pembeni ya jambo lenyewe, nalo ni yale yanayompata mtu aliyeleta habari mbaya.

Ushahidi wa kambi ya kwanza umegharimu roho za watu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia, katikati ya ukungu. Walikufa watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege kugongana iliyoua wengi kuliko hiyo. Sababu zilikuwa nyingi: ukungu wenyewe, uwanja uliofurika ndege, mawasiliano ya redio yaliyoingiliana. Lakini kinasa sauti cha chumba cha marubani kilihifadhi pia kisa kifupi. Ndege ya KLM ilikuwa imeshaanza kukimbia pale mhandisi wa ndege alipouliza kama ile ya Pan Am imekwishatoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Rubani huyo alikuwa mkufunzi mkuu wa 747 katika shirika lake, na msaidizi aliyekaa pembeni yake alikuwa amepewa sifa ya kurusha ndege hiyo baada ya kupimwa na yeye huyo huyo. Nani angemwambia mkufunzi wake asimamishe ndege?

Chumba kilikuwa kidogo, watu watatu, wamekaa karibu karibu. Njia ya kusema ilikuwepo, na swali liliulizwa kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kulipokea.

Mwaka 1979 NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha kuhusu ajali za namna hiyo, na kutoka hapo yakazaliwa mafunzo ya ushirikiano wa marubani ambayo leo ni kawaida katika mashirika ya ndege duniani. Wengi wanaoyanukuu maofisini hukumbuka nusu tu, kwamba mdogo afundishwe kusema wazi. Nusu nyingine ni ngumu zaidi, maana mkubwa naye hufundishwa kuomba apingwe, na kumsikiliza anayempinga. Semina za "jifunze kujieleza" zinazowahusu wa chini peke yao zinamtwisha mzigo yule mwenye mabega membamba.

Hospitalini kulipatikana jambo lililowashangaza wengi. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi, akitarajia kwamba timu bora zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikatoka kinyume: timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba timu hizo zilikuwa zinayataja makosa yao ilhali nyingine zinayaficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bosi anayejisifu kwamba mwaka mzima hajapokea lalamiko hata moja angefaa akose usingizi kidogo.

Sasa kambi ya pili. Hoja yake ni nzito kuliko inavyochukuliwa na wakubwa. Chukua ujumbe wa Ijumaa saa tatu usiku: "Nakuhitaji ofisini Jumatatu asubuhi, tuna la kuzungumza." Basi. Hakuna mada, hakuna salamu. Aliyeutuma amejiwekea kumbukumbu tu, labda anataka kuuliza tarehe za likizo. Aliyeupokea anaupitia mwezi mzima uliopita kichwani, anahesabu makosa yake, na wikendi imekwisha kabla haijaanza. Maneno matatu zaidi, "ni kuhusu likizo", yangeokoa siku mbili. Mawasiliano mengi mabaya kazini ni ya aina hii, ya kukosa maneno matatu.

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba kazi ya saa nyingi ilichangia vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016 pekee, wakiwahesabu waliofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Nchi kadhaa zimechukua hatua. Tangu Januari 2017 sheria ya Ufaransa inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Ureno ilifuata mwaka 2021 kwa kumkataza mwajiri kuwasumbua watu wake wakati wa mapumziko, na Australia ikaingia mwaka 2024.

Sheria hizo naziunga mkono, lakini zina mipaka. Mzazi anayeondoka alasiri kuchukua watoto na kurudi kwenye kompyuta usiku anaweza kuona amefungwa mikono. Na simu iliyonyamaza haimsaidii mtu ambaye kazi aliyopewa ni ya watu wawili, kwa sababu ataimaliza kimyakimya, usiku huo huo.

Hapo ndipo msaada kwa wafanyakazi unapokwama. Mwaka 2024 mtafiti William Fleming wa Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 kutoka mashirika 233 ya Uingereza. Walioshiriki mafunzo ya kuhimili msongo, programu za usingizi na mengine ya aina hiyo hawakuonekana kuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Isipokuwa waliopewa nafasi ya kujitolea kwenye shughuli za hisani, nao tofauti yao ilikuwa ndogo. Wapo wanaopinga kwamba majibu ya wakati mmoja hayaonyeshi nani alikuwa hoi tangu mwanzo, na ni pingamizi la haki. Hata hivyo, kama mtu anaumia kwa sababu zamu yake haina msaidizi, kumfundisha kuvuta pumzi kwa utulivu ni dharau kidogo, hata ukiifunga kwenye karatasi ya zawadi.

Na uwazi wenyewe una hatari. Meneja anayetangaza mpango wa kupunguza watu ukiwa haujaamuliwa anaweza kuwafukuza wazuri wake bure. Akinyamaza, nafasi hiyo inajazwa na uvumi. Mimi ningesema hivi: tangaza unachokijua, taja usichoruhusiwa kukisema, na toa tarehe ya kurudi na majibu. Halafu rudi siku hiyo, hata kama jibu bado halijapatikana.

Kuhusu vikao, mabadiliko madogo yana faida. "Kuna mwenye swali?" likiulizwa huku muulizaji anafunga kompyuta, jibu linajulikana. Mwulize kwanza mgeni wa timu, kabla bosi hajatoa maoni yake, maana yakishatoka wengine watayazunguka tu. Hoja ikikataliwa, aliyeitoa aelezwe sababu.

Bado kuna watu ambao hata bosi mwema hawezi kuwafungua midomo. Mwenye mkataba wa miezi mitatu anajua kwamba anayemwomba ukweli ndiye atakayeamua kama mkataba utaongezwa. Watu wa usafiri wa ndege walilitambua hilo mapema. Mfumo wa Marekani wa kupokea taarifa za hatari angani, ulioanzishwa mwaka 1976, unagharamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga lakini unaendeshwa na NASA, ambayo haina uwezo wa kumnyang'anya rubani leseni. Majina huondolewa, na aliyekosea bila kukusudia akiripoti ndani ya siku 10 husamehewa adhabu, kwa masharti. Ofisi nyingi zimefanya kinyume chake: sanduku la maoni liko pale pale mlangoni kwa meneja, na ufunguo anao yeye.