Undugu wa Rangi na Daftari la Hesabu

Tunapokutana sisi wenye biashara ndogo hapa Marekani, wauza viungo, mafuta ya nywele, vitenge na vyakula, mazungumzo huishia palepale: Weusi tuungane, tutangaziane, majina yetu yakue. Wazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini nimeliona likivunja urafiki pia, na historia ya mafuta ya nywele ya Chicago inanisaidia kuelewa kwa nini.

Mwaka 1954 George Johnson, Mweusi wa Chicago, alitaka kuanza kutengeneza dawa za nywele. Kampuni ya mikopo ikamnyima dola 250. Akaenda tawi jingine, akasema anataka pesa za kwenda likizo California. Akapewa. Mtu Mweusi aliaminika kwenda kutumia fedha, si kuzizalisha, na ndiyo maana wafanyabiashara Weusi walitegemeana. Mshirika wake wa kwanza alikuwa kinyozi Mweusi mwenzake, na ushirika wao haukukaa. Johnson akaendelea, na mwaka 1971 Johnson Products ikawa kampuni ya kwanza ya Weusi kuingia katika soko la hisa la American Stock Exchange.

Ushirikiano wake uliozaa matunda ulikuwa wa namna nyingine. Don Cornelius alikuwa na Soul Train, kipindi cha muziki na dansi kilichoanza mwaka 1970 kwenye kituo kimoja cha Chicago. Alitaka kionekane miji mingine, fedha hana. Johnson alikuwa na fedha na mafuta yake ya Afro Sheen, lakini televisheni za wakati ule hazikuwa na nafasi kwa nywele za kipilipili. Mwaka 1971 akawa mdhamini wa kipindi hicho, kikatoka nje ya Chicago. Vijana wakaona nywele kama zao zikicheza, na dansi likipumzika wakaona chupa ya mafuta ya kuzitunza. Cornelius asingempata Johnson, kipindi kingebaki mjini kwake. Johnson naye asingepata dirisha kama lile kwingine. Rangi iliwafanya waelewane upesi. Kilichowafunga pamoja ni kwamba kila mmoja alishika kitu ambacho mwenzake alikikosa.

Kuna mahali ambapo umoja haukutosha. Mwaka 1975 serikali iliilazimisha Johnson Products kuweka onyo kwenye dawa yake ya kulainisha nywele, na Revlon, mshindani mkubwa, haikubanwa hivyo hadi baadaye. Mteja alikuta onyo kwenye kopo la Mweusi, kopo la jirani yake halina. Mwaka 1981 kampuni za Weusi za vipodozi, washindani wa kila siku, zikaunda chama chao chenye nembo ya mwanamke Mweusi, ili mnunuzi ajue dola yake inakwenda wapi. Ninawaheshimu sana kwa hilo. Ila nembo humtaja mwenye mali wa leo tu. Mwaka 1993 Johnson Products iliuzwa kwa Ivax, kampuni ya dawa isiyo ya Weusi, na mwaka 1998 Soft Sheen, nayo ya Chicago, ikaenda L'Oréal. Kampuni hiyohiyo ya Ufaransa ndiyo iliyonunua Nice & Lovely ya Kenya mwaka 2013.

Siwalaumu waliouza, mtu ana haki ya kuvuna jasho lake. Namfikiria msusi aliyelisifia kopo kwa wateja wake miaka na miaka kwa sababu ni la mtu wetu. Kama hana hisa, siku ya mauzo hana chake. Kwa hiyo ukiombwa kulibeba jina la mwenzako kwa ajili ya umoja, uliza umoja huo umeandikwa wapi.

Mimi sikuuliza. Desemba moja tulikuwa watatu: mimi na viungo vyangu vya chai, kaka wa Haiti na kahawa, dada wa Alabama na sabuni za mafuta ya shea. Tukaandaa boksi moja la zawadi. Liliuzika vizuri, kila mmoja akapata wateja wa mwenzake. Januari simu zikaanza: chai ina ladha ya sabuni. Harufu ya lavenda ya zile sabuni ilikuwa imepenya kwenye pakiti zangu za karatasi, hata iliki haikusikika. Nani arudishe fedha? Boksi lilikuwa la wote, jina la juu lilikuwa langu, na mali bila daftari hupotea bila habari. Wote watatu tulikuwa waaminifu, na wote tukanyamaza. Nililipa mimi, kwa kinyongo, na dada yule hatukusemezana hadi Pasaka.

Wako wanaosema dawa ni kuacha kabisa mambo ya rangi na kutafuta mshirika yeyote mwenye faida. Siwezi kukubaliana nao. Benki iliponikatalia, kaka wa kahawa ndiye aliyenipa nusu ya meza yake sokoni bila kuniuliza dhamana, na nusu ile ndiyo iliyonipa wateja nilio nao leo.

Mwaka huu tumerudi watatu. Tuna karatasi moja iliyosainiwa: nani anashika fedha, nani anarudisha, jina la nani linaanza. Na sabuni inasafiri kwenye boksi lake.