Wingi wa panya haupimi ubora wa makazi

Chukua vipande viwili vya pori. Mitego ikinasa panya thelathini katika kimoja na kumi katika kingine, ripoti kwa kawaida itasema cha kwanza ndicho chenye makazi bora, na kama kipo cha kufyekwa, kitafyekwa cha pili. Mwaka 1983 mwanaekolojia Beatrice Van Horne, aliyewachunguza panya wa jenasi ya Peromyscus huko Alaska, alionya kwamba hesabu ya namna hiyo hupotosha. Onyo lake limenukuliwa sana, lakini halijafuatwa kwa kiwango hicho.

Alichokiona kinaeleweka kwa yeyote anayejua maisha ya panya. Wakubwa wenye nguvu hushika sehemu zenye chakula na maficho, wala hawakubali kubanwa. Vijana husukumwa pembeni. Msimu wa kuzaa ukiisha, vijana ndio wengi kuliko wote, kwa hiyo penye majani haba na mashimo machache panaweza kuonekana pamejaa. Rudi na mitego kabla ya msimu unaofuata: wengi wameshaliwa na bundi au wamekufa kwa njaa, na waliobaki hawajazaa. Eneo lile lilijazwa na jirani yake.

Hapa ndipo ninapopata wasiwasi. Tukifyeka jirani huyo kwa kuwa alitupa panya kumi tu, hasara haionekani siku hiyo. Pale palipojaa panaendelea kujaa kwa muda, hata zaidi, maana waliofukuzwa wanakimbilia huko. Hesabu ya mwaka ule inaweza hata kupanda, na uamuzi ukaonekana wa busara. Lakini panya wengi wa porini hawamalizi mwaka wakiwa hai. Kizazi kile kikiisha hakuna wa kukirithi, kwa sababu kipande kilichokuwa kikizalisha ziada hakipo tena. Mwanaekolojia Ronald Pulliam alionyesha kwa hisabati mwaka 1988 kwamba sehemu kubwa ya wanyama wa spishi moja inaweza kuwa inaishi mahali ambapo vifo vinazidi vizazi, ikitegemea wahamiaji tu. Anayehifadhi mahali hapo peke yake anahifadhi foleni ya kufa.

Wanaotetea kuhesabu nao wana hoja. Huko Laikipia, Felicia Keesing alikuta panya wa spishi ya Saccostomus mearnsi wakiwa karibu mara mbili ndani ya maeneo yaliyozungushiwa uzio ili wanyama wakubwa walao majani wasiingie. Ushindani wa chakula ulipungua, panya wakaongezeka. Wingi ulisema kweli. Isitoshe, kufuatilia panya mmoja mmoja kwa alama ni kazi ya miezi, na fedha za utafiti ni chache.

Hata hivyo, pale Laikipia eneo lenye uzio lililinganishwa na eneo la wazi lililo jirani, chini ya mvua ileile. Ondoa ulinganisho huo na namba inakosa pa kushika. Utafiti wa Herwig Leirs na wenzake huko Morogoro, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba kunusurika na kukomaa kwa panya wa mashambani aitwaye Mastomys natalensis hutegemea mvua za miezi iliyotangulia pamoja na wingi wa panya wenyewe. Shamba ni lilelile, udongo uleule, lakini idadi hupanda na kushuka vibaya sana. Anayehesabu mara moja huenda amepima mvua.

Kwa hiyo nakubali hesabu kama dalili ya kwanza, mradi maeneo yanayolinganishwa yamehesabiwa msimu mmoja na yana historia moja. Sikubali iwe ndiyo ruhusa ya kufyeka. Panya akishakuwa mkononi, kumpima uzito, kuangalia kama jike ana mimba au ananyonyesha, na kumtia alama ni kazi ya dakika chache. Gharama halisi ni safari ya pili, baada ya kiangazi au baridi kali, kuona ni wangapi wenye alama bado wapo. Bajeti ikiwa ndogo, ni afadhali kupunguza idadi ya mitego katika safari ya kwanza ili safari hiyo ya pili ifanyike.